Ubao wa "maana ya jina lako": mninga nyota tano, maana nyota sifuri

Naanza na mazuri ili mtu asije akasema nina chuki na biashara za watu. Ubao wenyewe ni mninga. Mninga hasa, sio yale maranda yaliyogandishwa na gundi yakapakwa rangi ya kahawia, ambayo ukiyaweka karibu na dirisha mvua moja tu yanavimba kama andazi. Una sentimita 40 kwa 25, umepigwa msasa mpaka ukipitisha kiganja husikii kitu, vanishi imekaa sawa, nyuma wameweka ndoano mbili badala ya moja, na maandishi yamechomwa na leza yakaingia ndani, herufi zimenyooka zote. Nilivyofungua boksi harufu ikanikumbusha karakana za Keko. Kwa ufundi wa mbao nawapa tano na sina kinyongo.

Shida ni kilichoandikwa.

Duka silitaji, liko Kariakoo na liko Insta, wanaotumia sana Insta wataotea wenyewe. Wanajitangaza hivi: jua asili na maana ya jina lako na ukoo wako, zawadi nzuri kwa harusi, arobaini, na kustaafu. Elfu 45 ubao, elfu 5 bodaboda mpaka Mbagala Rangi Tatu, siku tatu umeupata. Mimi kaka angu kapata mtoto wa kiume na mtoto kapewa jina la babu yetu mzaa baba, Juma Mwinyi, nikasema kwenye arobaini sileti beseni wala pampasi kama watu wengine, naleta kitu cha ukutani ambacho mtoto akikua atakiona na atasema hiki kaniletea baba mdogo. Nikawaandikia. Wakanitumia fomu ina vibox viwili, jina la kwanza, jina la ukoo. Nikajaza. Nikawauliza hivi maana mnazitoa wapi, jamaa akajibu "tuna mfumo wetu boss, majina yote yamo". Nikalipa.

Na niseme ukweli hapa, mimi mwenyewe nilikuwa na kiu yangu. Ubini wa Mwinyi ukiwa nao nchi hii kila unapojitambulisha unaulizwa "wewe ni ndugu wa Mzee Rukhsa?", yaani Rais Ali Hassan Mwinyi, na jibu ni hapana, lakini unalisema kwa kuchelewachelewa kidogo ili ile heshima ikae sekunde mbili tatu. Halafu nilishasoma habari za Mwinyi Mkuu wa Unguja, yule mtawala wa wenyeji aliyekuwa na jumba lake Dunga, ambaye alama za enzi yake zilikuwa ngoma na siwa, lile baragumu kubwa, na kizazi hicho cha utawala kilikoma mwaka 1873. Kwa hiyo kichwani nilishaona ubao utakuja umeandikwa ukoo wa kifalme, watawala wa visiwa, kitu kama hicho, na mimi nitasimama mbele ya wakwe wa kaka nikikuna ndevu.

Boksi limekuja asubuhi ya arobaini yenyewe, sikuwa hata na muda wa kulisoma, nikalifungua juu juu nikaona mbao nzuri nikalifunga tena kwa karatasi ya zawadi. Hilo kosa ni langu.

Basi maulidi yamesomwa, pilau limeliwa, udi bado unafuka, zawadi zinafunguliwa mkekani. Bibi yetu kakaa na mtoto mapajani. Miwani yake haioni maandishi ya karibu kwa hiyo shangazi ndo akapewa asome, na shangazi yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, anasoma kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani. Akasoma:

"JUMA. Asili: Afrika. Maana: wiki, kipindi cha siku saba. Tabia: mvumilivu, anapenda safari. Namba ya bahati: 7."

Watu wakacheka kidogo, mtu wa nyuma akasema "wiki!" Hapo bado ilikuwa nafuu. Shangazi akaendelea.

"MWINYI. Asili: Ulaya. Maana: mvinyo. Ukoo wa wakulima wa zabibu."

Jamani. Kuna shehe kakaa pale ndo kwanza katoka kumwombea dua mtoto. Shangazi alirudia lile neno mara ya pili akidhani kakosea kusoma, "mvi-nyo", akavua miwani akanitazama mimi. Bibi akauliza kasema nini, akaambiwa eti bibi, ubini wenu maana yake pombe ya zabibu. Bibi akakaa kimya kidogo akamtazama mtoto usoni, akamwambia "mume wangu, na ulevi wako huu mimi nilikuwa siujui". Mkeka mzima ukavunjika mbavu, na mimi natamani ardhi ipasuke.

Sasa tulichambue hili jina kwa haki, maana huo mfumo wao haukukosea kila kitu, na hicho ndo kinaudhi zaidi.

Juma kweli ni wiki. Kiswahili cha zamani kidogo, na hata leo kwenye taarifa ya habari, mtu anasema "juma lililopita", "mwishoni mwa juma". Lakini hakuna mzazi aliyemwita mtoto wake Juma akimaanisha siku saba. Juma ni Ijumaa. Mtoto kazaliwa Ijumaa kaitwa Juma, kazaliwa Alhamisi kaitwa Hamisi, kazaliwa siku ya Idi ni Idi, mwezi wa Ramadhani ni Ramadhani, na Rajabu na Shaabani vilevile, wakati wa hija basi Haji. Ndo kalenda ya watu wa pwani, ipo kwenye majina kabla haijawa ukutani. Neno limetoka Kiarabu na ndani yake kuna habari ya kukusanyika, kwa sababu Ijumaa ndo siku ya watu kukusanyika msikitini. Na ile maana ya wiki imekuja kwa kuwa hesabu nzima ya siku zetu imefungwa kwenye Ijumaa kama ng'ombe kwenye kigingi: siku inayofuata ni ya kwanza, Jumamosi, halafu ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano, Jumatano. Halafu cha kuchekesha, baada ya Jumatano inakuja Alhamisi ambayo nayo kwa Kiarabu ni "ya tano", kwa sababu Waarabu wao wanaanza kuhesabu na Jumapili. Kwa hiyo sisi wiki yetu ina tano mbili zimefuatana na hakuna anayelalamika. Mfumo wao ungeandika haya ningewalipa elfu 60.

Na jina lenyewe limeshatembea mbali na Ijumaa. Juma Ikangaa aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1989 Watanzania wote wa umri fulani wanamjua, na huyohuyo kashika nafasi ya pili Boston miaka mitatu mfululizo, 1988 mpaka 1990. Huku Temeke ukisema Juma watu wanajua Juma Nature wa bongo fleva. Magharibi ya Kenya utakuta Juma ni Mkristo na ni jina la ukoo kabisa, kama marehemu Profesa Calestous Juma wa Busia aliyekuja kufundisha Harvard. Na vitabu vya shule navyo, Juma na Asha, miaka nenda rudi Juma anapiga mpira na Asha anafagia, sijui lini watabadilishana.

Bibi pale mkekani alivyomaliza kucheka akaanza kutoa darasa, na hapa ndo nikajua elfu 45 yangu ningempa yeye. Kwanza, huyu mtoto kazaliwa Jumanne. Hakuna aliyejali. Kaitwa Juma kwa sababu ni jina la babu, karithi, siku yake ya kuzaliwa haina kauli. Na kwa kuwa ni jina la mumewe, bibi halitamki. Nilikuwa sijawahi kuliona hilo miaka yote, nikajaribu kukumbuka kama nimewahi kumsikia bibi akisema "Juma" nikakosa. Babu akiwa hai alikuwa "baba yao" au "mwenyewe". Huyu mdogo ni "mume wangu" au "bwana mkubwa". Shemeji yangu naye, mama wa mtoto, hawezi kumfokea "we Juma!" maana anamtukana babu wa mumewe, kwa hiyo mtoto ana siku arobaini na nyumba nzima inamwita Babu. Kwa hiyo tumechonga kwenye mninga jina ambalo wanawake wawili wanaomlea hawalitumii. Hili nalo hakuna mfumo unaolijua.

Pili, akasema hata yule Juma wa kwanza, babu mwenyewe, karatasi zake zingeandika Alhamisi. Alizaliwa Kisiju baada ya magharibi siku ya Alhamisi, na kwa hesabu ya watu wa pwani jua likizama siku imeshageuka, hiyo tayari ni usiku wa Ijumaa. Vijana wa siku hizi ukiwaambia "njoo usiku wa Ijumaa" wanakuja Ijumaa usiku, wamechelewa siku nzima, kuna watu wamekosa hitima kwa staili hiyo. Kwa hiyo babu kwa saa ya mzungu ni Hamisi, kwa saa ya mama yake ni Juma, na mama yake ndo aliyekuwa na uchungu.

Tuje kwenye Mwinyi. Hapa mfumo umeanguka kabisa na nadhani najua ulivyoanguka: haukulikuta hilo neno, ukatafuta linalofanana nalo kwa herufi, ukaokota mvinyo. Na mvinyo si neno la huku kabisa, ni la Wareno, wameliacha pwani pamoja na meza na leso.

Mwinyi ni mwenye. Basi. Mwenye kitu, mwenye mali, mwenye mji. Shangazi akaanza kuhesabu kwa vidole kama yuko darasani: mwenyekiti ni mwenye kiti, mwenyeji ni mwenye mji, mwenye nyumba, mwenye duka, na Mwenyezi Mungu mwenyewe ni mwenye enzi. Yaani jina la mtoto limekaa ukoo mmoja na neno tunalomtajia Mungu, wao wametuandikia pombe, mbele ya shehe.

Zamani pwani lilikuwa jina la heshima, mtu mkubwa wa mji anaitwa Mwinyi fulani kama leo tunavyosema Mheshimiwa. Lamu husema Mwenye, na mkubwa wa mji alikuwa Mwenye Mui. Ngazija, kule Komoro, wanalo, ila kwa sababu ya Wafaransa wanaliandika Moigni, ukiliona kwenye karatasi unaweza kudhani ni jina la Paris. Liliingia bara na misafara pia, Ujiji miaka ya 1870 mkubwa wa mji alikuwa Mwinyi Kheri. Na ndugu zake wa mbali wako kusini huko, yule Mwene Mutapa ambaye Wareno walimwandika Monomotapa ni mwenye huyuhuyu kwa lugha nyingine ya Kibantu.

Lilikuwa na wenzake, Jumbe, Diwani, Shomvi, vyeo vya watu wazito wa mrima, yaani pwani ya bara, na vyote vikaja kugeuka majina ya kawaida ya mtu anayepanga foleni ya daladala. Diwani angalau kapata kazi nyingine, leo unampigia kura. Na sijui ni wangapi waliliona hili: Zanzibar rais wa pili alikuwa Aboud Jumbe, akajiuzulu 1984, aliyeshika nafasi ni Ali Hassan Mwinyi. Jumbe kampokeza Mwinyi. Mtu wa miaka 200 iliyopita akifufuka ukamsomea orodha hiyo ya marais wa baada ya mapinduzi angekuuliza mapinduzi gani.

Ila kuna upande wa pili ambao ukiandika ubao kwa uaminifu unatakiwa kuufikiria. Umwinyi. Mtu akikwambia "acha umwinyi" hakusifii, anakwambia unataka kutengewa, kunawishwa, na kuondolewa sahani, jembe hushiki. Kwenye historia ya shule umwinyi ndo mfumo wa mabwana wenye ardhi na watu wao wa kuwafanyia kazi, na enzi za ujamaa lilikuwa neno la kutia adabu. Mimi nimelisikia utoto wangu wote kutoka kwa mama yangu, ambaye kaolewa na Mwinyi, na alikuwa analitumia kila Jumapili asubuhi nikikataa kufua soksi.

Basi mimi kuona mambo yameanza kukaa vizuri, mvinyo umesahaulika kidogo, nikachomekea lile langu la Mwinyi Mkuu. Nikamuuliza bibi, hivi sisi asili yetu sio Unguja, kwa wale watawala? Nikamtajia na Dunga. Bibi akaniuliza Dunga ni wapi.

Halafu akasema maneno ambayo yamenikalia mpaka leo. Akasema babu yako hakuwa Juma Mwinyi. Babu yako aliitwa Mwinjuma.

Mwinjuma, neno moja. Mwinyi na Juma wameungana, kama Mwinshehe ni Mwinyi na Shehe, na upande wa wanawake ni Mwana, Mwanajuma, Mwanahamisi, Mwanaidi, ambapo huyo mwana sio mtoto, ni bibie, kama Mwana Kupona yule malenga wa Pate. Huku Pwani majina haya yapo mengi tu, Kinondoni kuna barabara ya Mwinjuma na watu wanapita kila siku hawajiulizi, na wapenzi wa dansi wanamjua Mwinjuma Muumin. Mama yake babu alimpa mwanawe jina la siku akalitangulizia heshima, basi, mapenzi ya mama. Sio kwamba walikuwa na mji. Walikuwa na minazi, na kwa maelezo ya bibi sio mingi.

Sasa babu kapelekwa shule enzi za mkoloni, karani kakaa na daftari lina sehemu mbili, jina na jina la baba. Kamuuliza jina, kajibu Mwinjuma. Jina la baba, mtoto kaona aibu kulitaja mbele ya mtu mzima, au kaogopa, bibi hana hakika maana hata yeye kasimuliwa, kakaa kimya. Karani ana foleni. Kakata jina katikati kama muwa, Juma huku, Mwinyi kule, kazi imeisha, mwingine. Na hapo ndo ulipoanzia ukoo wetu wote wa Mwinyi, kadi za kliniki, vyeti vya shule, pasipoti ya kaka, mimi huyu ninayeandika. Ubini wetu umezaliwa kwa kalamu ya karani mwenye haraka.

Nilicheka lakini kwa ndani nilihisi kama mtu aliyevuliwa kofia. Mfumo wa Kariakoo umenitungia mashamba ya zabibu, na mimi mwenyewe nimetembea miaka thelathini na kitu na jumba la Dunga kichwani, sasa kati yangu na huo mfumo sijui nani alikuwa amejiongeza zaidi.

Tukirudi kwenye huduma kwa mteja, maana haya ni mapitio sio risala. Jumatatu niliwapigia. Simu wanapokea haraka, nawapa hiyo. Yule kijana ana adabu, hajanipandishia sauti hata kidogo, ila kila nilichosema jibu lilikuwa "ndo inavyotoka kwenye mfumo boss". Nikamwambia mdogo wangu, wewe unaitwa nani. Akaniambia jina lake, na lilikuwa moja ya hayohayo majina ya siku, silitaji. Nikamuuliza mfumo wenu unasema jina lako maana yake nini. Akasita. Akasema hajawahi kuangalia. Nikasikia anabonyeza bonyeza, halafu akacheka ile ya puani, akasema "brother naomba tu nikufanyie mwingine kwa elfu 20, maandishi niletee wewe". Mpaka leo sijui alikuta nini.

Elfu 20 kwa kosa lao ni dhuluma nasema wazi, ilitakiwa iwe bure, na nilimwambia. Akasema mbao inanunuliwa. Nikaona sawa, mninga sasa hivi bei yake naijua.

Kazi ikawa fomu. Nimeshakaa na bibi tumekubaliana yaandikwe nini, yeye kasema neno moja linatosha, andikeni Mwinjuma halafu Kisiju, wenye akili wataelewa. Nikatuma. Kijana akarudi: jina la kwanza ni lipi na la ukoo ni lipi, kibox cha pili kikiwa kitupu mashine haikubali. Nikamwambia ni moja. Akasema lakini boss lazima yawe mawili. Yaani aisee, karani wa mkoloni kafa zamani, daftari lake limehamia kwenye simu. Tukasumbuana kama nusu saa, akashauri "basi niweke Mwin halafu Juma?" nikamwambia ukithubutu nakuja hapo dukani. Mwisho akaweka Mwinjuma kwenye cha kwanza na nukta kwenye cha pili.

Ubao wa pili ukaja Alhamisi jioni. MWINJUMA kwa herufi kubwa katikati, chini yake kwa ndogo "usiku wa Ijumaa, Kisiju", na pembeni kabisa chini, kule ambako ungekuwa ukoo, ile nukta wameichoma kweli. Kaduara kadogo keusi kametulia peke yake. Nilitaka kukasirika lakini bibi alivyopitisha kidole akaigusa akauliza hii nini, nikamwambia hapo ndo ukoo ulitakiwa ukae, akasema ni wengi wanatosha hapo. Umetundikwa sebuleni juu ya tivii.

Kwa anayefikiria kununua: nunua. Ila usiwaachie kazi ya maana. Kaa kwanza na mtu mzima wa nyumbani, ulizia jina ni la nani, siku gani, kabla au baada ya magharibi, na kama kuna karani kapita humo katikati. Uandike wewe, wao wachome tu. Na soma ubao kabla ya kuufunga kwa karatasi ya zawadi, usifanye nilivyofanya mimi. Bei naona imezidi kwa kama elfu 10, delivari safi, bodaboda alipiga simu kabla ya kufika. Jumla nawapa tatu kati ya tano, na hiyo tatu imebebwa na fundi wa mbao peke yake.

Ule ubao wa mvinyo shemeji kauchukua jikoni, anakatia vitunguu na bamia upande wa nyuma, kila siku unaoshwa na kuanikwa juani. Mwezi wa pili huu, haujapinda wala kupasuka.